Utosi

Mimi ni fundi. Nimeezeka Pasua, Njoro,
Kiborloni, na lile ghala la mahindi karibu na reli,
na kila tundu nililowahi kuacha
lilinifuata usiku kwa simu: fundi, panavuja.

Sasa huyu hapa, siku ya tisa,
kilo tatu na robo, kama misumari niliyonunua juzi,
kalala mapajani pangu,
na juu ya paji lake, pale nywele zinapoanzia,
pameachwa wazi.
Pana umbo la kishada, upana wa vidole viwili.
Hakuna mfupa. Ngozi tu,
na chini ya ngozi kitu kinapwita.

Nilimrudisha kwa mama yake taratibu
kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine.

Mama mkwe, Bibi Eliakunda, ameshuka toka Kibosho
na mkungu wa ndizi za mtori na maneno yake.
Anamwogesha kwa kiganja kizima,
maji yanateremkia palepale ninapopaogopa.
"Ulitaka apite vipi, Baba Ndeenengo?
Mifupa ililaliana kama mabati yako,
ndipo kichwa kikapenya."
Nikanyamaza. Kulaliana nakujua:
migongo miwili, nawaambia vijana,
ukipunguza, mvua itakuumbua.
Sikujua kuwa nasi tunaletwa hivyo,
vipande, tuje kufungwa hukuhuku.

Mwezi wa saba, baridi ya kung'ata, akaharisha.
Siku mbili. Ya tatu, saa nane usiku,
Anasiria akauchukua mkono wangu gizani
akauweka pale. Hakusema neno.
Palikuwa pamebonyea
kama udongo uliokanyagwa na kisigino cha mtoto.

Tukatoka. Ukungu, mbwa wa jirani, koti langu la kazi
lenye vumbi la saruji, na yeye ndani yake, halii,
afadhali angelia.
Mawenzi, muuguzi alipagusa pale
kabla hajauliza jina.
"Ana kiu," akasema. "Ana kiu sana."
Akatafuta mshipa mkononi, akaukosa;
mguuni, akaukosa tena; wa tatu ukakubali.

Zege mimi hulimwagilia siku saba,
asubuhi na jioni, nisije nikalaumiwa kwa nyufa.
Usiku ule nilikaa kwenye benchi la mbao
nikitazama mtu akimwagiliwa
tone,
tone,
na kila baada ya muda napeleka kidole,
nakirudisha, napeleka.

Kulipokucha pakawa sawa.
Si juu, si chini. Sawa.
Miaka kumi na minne natembea na pimamaji mfukoni,
ile mirija yenye kiputo kinachotafuta katikati,
na sikuwahi kudhani kuna mwingine
tunaozaliwa nao kichwani.

Kadi yake ya kliniki ina mahali pa uzito,
pa chanjo, pa tarehe ya kurudi.
Hapa pakifunga, pa kuandika hakuna.
Pangu mimi, nikivua kofia, ni pagumu,
pana kovu la nyundo iliyodondoka darini,
ni lini palifunga hakuna ajuaye.
Labda mama alikuwa kwenye kahawa siku hiyo,
akarudi, akanibeba, akaona niko vilevile.

Wenye nyumba huniuliza, fundi, unamaliza lini?
Huwa naudhika.
Hii kazi nyingine si yangu, na sitamuuliza mwenyewe.

Mvua imeanza juu ya bati.
Napasikiliza: hapavuji.
Ndeenengo kalala, kofia ya sufi imemteleza,
nami nahesabu mapwito yake kwa ncha ya kidole
mpaka arobaini na kitu,
nasahau,
naanza upya.